GPS au gurudumu: umbali na mwendo wa baiskeli tumwamini nani?

Njia za marathoni zinazotambuliwa kimataifa hupimwa kwa baiskeli, licha ya setilaiti zote zilizoko angani. Kifaa cha kuhesabu mizunguko hufungwa kwenye gurudumu la mbele, baiskeli hupitishwa kwanza kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma, kisha kwenye njia yenyewe, halafu hurudishwa kwenye kipande kile kile. Juu ya hapo huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Anayesema kihisi cha gurudumu kimepitwa na wakati aanzie hapo. Lakini anayekiamini mno naye ajiulize kwa nini kipande kile hupitiwa mara mbili: jua likipanda, upepo ndani ya tairi hupanda nao, na gurudumu la mchana linakuwa kubwa kidogo kuliko la asubuhi.

GPS na kihisi cha gurudumu, vyote viwili hukosea. La muhimu ni kujua kosa la kila kimoja lina tabia gani.

Kihisi cha gurudumu huhesabu mizunguko, kompyuta ya baiskeli ikazidisha kwa mzingo uliouingiza, yaani umbali ambao gurudumu hutembea kwa mzunguko mmoja. Karibu kosa lote limo ndani ya namba hiyo moja. Tairi ya 700x28, kipimo cha kawaida cha baiskeli za barabarani, kwenye majedwali mengi imeandikwa milimita 2,136. Ikiwa kwa uzito wako na upepo unaojaza gurudumu linatembea milimita 2,108 tu, kilomita 100 za kweli zitasomeka 101.3. Hata hivyo kosa hilo ni lile lile mjini, msituni na ndani ya handaki. Kosa lisilobadilika hurekebishwa mara moja, likaisha.

GPS ina nguvu yake, na wengi hawaijui. Vipokezi vingi hupata mwendo kutokana na jinsi masafa ya mawimbi ya setilaiti yanavyobadilika mpokeaji anaposogea, bila kusubiri kulinganisha nukta mbili za ramani. Ndiyo maana kwenye barabara iliyonyooka, anga likiwa wazi, mwendo wa GPS huwa sahihi sana. Tatizo huja unapobadilisha mwendo ghafla. Kompyuta husawazisha namba ili zisirukeruke, na usawazishaji huo huchelewesha: umeshafunga breki, skrini bado inaonyesha mwendo wa sekunde chache zilizopita. Anayefanya mazoezi ya kufyatuka kwa sekunde 10 hawezi kuitegemea.

Kwenye umbali, GPS huunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka, na kona haiendi hivyo. Chukua mwendo wa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kila sekunde, kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 20. Nukta zikichukuliwa kila sekunde, kwa kila mita 10 ulizokata GPS inahesabu kama mita 9.9. Weka kifaa kihifadhi nukta kila sekunde 5 ili kuokoa betri, na hata kona pana ya nusukipenyo cha mita 30 inapoteza zaidi ya asilimia 10. Ukipakia faili mtandaoni, programu inaweza kuhesabu umbali upya kutokana na nukta hizo chache, ukaona namba tofauti na uliyoiona kwenye mpini.

Kati ya majengo marefu kosa hugeuka upande wa pili. Mawimbi hugonga kuta kabla ya kukufikia, nukta zinatawanyika kushoto na kulia, na mstari unaoziunganisha unarefuka. Ukisimama kwenye taa bila kusitisha kurekodi, nukta zinazotangatanga nazo hujumlishwa. Kipokezi cha masafa mawili, kinachopokea mawimbi ya setilaiti kwa masafa mawili tofauti, hupunguza sana tatizo hili, ila hakiliondoi.

Lawama moja GPS haiistahili: kwamba inapoteza umbali milimani kwa kupima kama ramani bapa. Kwenye mteremko wa asilimia 10 tofauti ni nusu ya asilimia, mita 50 tu kwa kilomita 10.

Kwa hiyo, kwa safari ndefu ya barabara iliyo wazi GPS peke yake inatosha kabisa. Kwa njia ya kona nyingi, msitu mnene, au uwanja wa ndani ambako mawimbi hayafiki, funga kihisi, kisha upime mzingo mwenyewe. Jaza tairi upepo wa siku zote. Weka valvu chini kabisa, chora chaki sakafuni. Keti kwenye baiskeli, mwenzako akushikilie, usonge mbele kwa kunyooka mizunguko 5 kamili, chora tena. Ukipata mita 10.54, gawa kwa 5: milimita 2,108. Ukipima bila kukalia utapata namba kubwa kuliko halisi, na hilo ni kosa la kawaida.

Kompyuta nyingi hujipimia mzingo zenyewe kwa kutumia GPS. Ni urahisi wenye mtego: zikifanya hivyo kwenye barabara ya kona, upungufu wa GPS unahamia kwenye gurudumu na kubaki humo. Ziache zijipime kwenye kilomita chache zilizonyooka, chini ya anga wazi, kisha zima kipengele hicho na uiandike namba mwenyewe. Ukibadilisha tairi, rudia.