Pima Kwanza, Ndipo Umwage Dawa

Bwawa la kuogelea likinuka klorini hadi getini, wageni husifu: "Hapa maji ni safi kweli." Mimi nasema kinyume. Harufu ile inayochoma pua hutokana na kloramini, yaani klorini iliyokwisha kukutana na jasho, mafuta ya ngozi na mkojo wa watoto (na wa watu wazima, tusidanganyane). Maji yaliyotunzwa vizuri karibu hayanuki kabisa.

Mabwawa ya nyumbani hapa Dar es Salaam hayana njaa ya dawa. Dawa inamwagwa, tena sana. Kinachokosekana ni kipimo. Mwenye nyumba amegharamia vigae, taa za chini ya maji na viti vya kuotea jua, halafu kijana anayetunza bwawa anakabidhiwa ndoo ya klorini ya unga na chupa ya maji iliyokatwa kuwa kikombe. "Weka viwili." Viwili kwa hesabu ipi?

Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Hizo ni lita 48,000. Ukitaka klorini ipande kwa miligramu 1 katika kila lita, unahitaji gramu 48 za klorini yenyewe. Kwa unga wenye klorini asilimia 65 ni kama gramu 74 tu. Nusu kilo inayomwagwa kwa mazoea inapandisha kiwango kwa karibu miligramu 7 kwa lita, wakati bwawa la nyumbani kwa kawaida linatakiwa kuwa na kati ya 1 na 3. Waogeleaji wanatoka na macho mekundu, nguo za kuogelea zinapauka, na lawama zote anabebeshwa kijana.

Tena klorini nyingi si lazima iwe klorini inayofanya kazi. Hapo ndipo inapoingia pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji (ikishuka maji yana asidi zaidi, ikipanda yana asidi kidogo), na ndipo wengi wanapochoka kusikiliza. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali inayoua vijidudu haraka. Ikifika 8, inabaki karibu robo. Sasa angalia mtego ulivyo: ule unga wa klorini wenyewe, uliotengenezwa kwa kalisi, hupandisha pH. Maji yanaanza kuwa kama ya mchele, kijana anaongeza unga, pH inapanda tena, dawa inazidi kulegea. Mkiwa mnajaza kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi, utaona na utando mweupe umeganda kwenye vigae. Hapo maji yalihitaji asidi kidogo yarudi kati ya 7.2 na 7.8, si ndoo nyingine ya klorini.

Kifaa cha kupimia ni kidogo, kinaingia mfukoni. Kile cha kawaida kina vichupa viwili vilivyoshikana: unachota maji kwenye kina cha kiwiko, mbali na tundu linaporudishia maji ya pampu, unadondoshea matone. Upande mmoja maji yanageuka njano kwa kadiri klorini ilivyo, upande wa pili yanakwenda kutoka njano hadi nyekundu kuonyesha pH. Unalinganisha na rangi zilizochorwa pembeni, umemaliza. Kazi ya dakika mbili. Mtu aliyeweza kujenga bwawa akisema kifaa hicho ni ghali, simwelewi.

Wakati nao una hesabu yake. Jua letu la saa sita mchana linaila klorini isiyo na kinga ndani ya saa chache, kwa hiyo unga uwekwe jioni, pampu ikiwa inazunguka. Na pampu izunguke kweli! Najua umeme wa LUKU unavyokwisha, lakini maji yaliyotuama kwenye joto hili huota ukijani hata kama dawa ilipimwa vizuri. Vile vidonge vinavyoelea vina kinga ya jua ndani yake, ni vizuri, ila kinga hiyo hujilimbikiza hadi klorini inakuwa nzito kufanya kazi, na dawa yake ni kupunguza maji na kuingiza mapya. Kwa bei ya maji ya boza, heri kulijua hilo mapema.

Kinachoniudhi kuliko yote ni stoo. Asidi na klorini zinawekwa rafu moja, na vidonge juu ya ndoo ya unga. Asidi ikigusana na klorini hutoa gesi ya sumu. Unga na vidonge vikichanganyika vikapata unyevu, vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Kila kimoja kiwe na chombo na kijiko chake, mahali pakavu penye hewa. Unga utiwe kwenye ndoo yenye maji, kamwe maji yasimwagiwe juu ya unga, na asidi vivyo hivyo. Na huyo kijana anunuliwe glavu na miwani. Mnamtuma ashike kwa mikono mitupu kitu ambacho ninyi wenyewe hamtaki hata kukinusa.