Kitabu cha Biashara Kianzie Kwenye Daftari la Muuzaji

Vitabu vingi vya biashara vya Kiswahili vinamhimiza msomaji athubutu, ajiamini na aamke mapema. Mnunuzi wa mahindi wa Kibaigwa, soko la nafaka wilayani Kongwa, Dodoma, ameshaamka tangu saa kumi alfajiri. Anachotaka kujua ni kama gunia alilonunua leo litamlipa likikaa stoo hadi Januari, na hapo ndipo kitabu kinapomwacha peke yake. Kwa maoni yangu, wazo la kitabu cha biashara ni uamuzi mmoja wenye hesabu ndani yake. Mwandishi asiyeweza kuutaja uamuzi huo bado hana kitabu, hata akiwa na kurasa 200.

Ujasiriamali, mafanikio, kilimo biashara: hizo ni mada tu. Wazo linasomeka hivi: mtu mwenye mtaji wa shilingi milioni 3, anayetaka kununua mahindi Kongwa wakati wa mavuno na kuyauza baada ya miezi sita, afanye nini ili asile mtaji. Sentensi hiyo ina mtu, kiasi cha fedha, mahali, muda na hatari. Ondoa kimojawapo uone sura zinavyoanza kutangatanga. Usipotaja mtaji, utajikuta unamshauri mwenye milioni 3 ajenge ghala. Usipotaja muda, hutajua kama sura ya uhifadhi inahitajika au la.

Mahali ndipo waandishi wanapoteleza kuliko popote, na Kongwa yenyewe ina historia inayoonyesha gharama yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi mkubwa wa karanga, kwa mpango uliolenga ekari zaidi ya milioni 3. Kwenye karatasi hesabu zilikubali. Shambani, udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu mno, na karanga ni zao la kung'olewa ardhini. Mvua nayo haikuja kama mpango ulivyotaka. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwisha kutumika. Kitabu kinachohamisha mfano wa biashara kutoka nchi yenye misimu minne na kuuleta kwenye kanda yenye msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, kinafanya kosa lilelile, ila sasa anayelipa ni msomaji.

Tuchukue sura moja tu ya hicho kitabu cha mahindi, tuone inavyotakiwa kujengwa. Tuseme gunia la kilo 100 linanunuliwa kwa shilingi 60,000, bei ya mfano. Mwandishi wa haraka ataandika kwamba kilo inasimama kwa shilingi 600, kisha atarukia bei ya kuuzia. Amesahau unyevu. Kiwango cha mahindi kinachotumika Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Mahindi yaliyonunuliwa yakiwa na asilimia 18 yana kilo 82 za mahindi makavu kabisa ndani ya kila kilo 100, na kinachobaki ni maji. Yakikaushwa hadi 13.5, sehemu kavu inakuwa asilimia 86.5 ya uzito, kwa hiyo gawanya 82 kwa 0.865 upate uzito baada ya kukausha: kilo 94.8. Gunia limepungua zaidi ya kilo 5 bila mwizi wala panya, na kila kilo iliyobaki sasa imegharimu shilingi 633. Mwenye magunia 40 amepoteza kilo 208, yaani magunia mawili na ushee, kabla hajalipa gari.

Sura ikiishia hapo itakuwa imemtisha msomaji bila kumsaidia. Inabidi imwonyeshe cha kufanya akiwa amesimama mbele ya muuzaji na hana kipima unyevu. Njia ya chumvi na chupa inajulikana: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kiganja kidogo, mahindi hadi robo au theluthi ya chupa, funga, tikisa vizuri, acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Mwandishi lazima aseme pia mpaka wa njia hii. Chumvi isipoganda haina maana kwamba mahindi yamefika 13.5, inawezekana yako 14.5, na bado yanahitaji siku za kuanikwa kwenye turubai kabla ya kufungwa. Anayeyafunga mapema kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, atadhibiti mdudu dumuzi kwa kumnyima hewa, lakini unyevu hautatoka tena, na ukungu utamsubiri Januari. Na kwa kuwa kitabu kinahusu magunia, mwandishi aeleze kila mara gunia lake lina kilo ngapi. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni kosa kisheria, na hesabu iliyoandikwa kwa "gunia" bila uzito haimfai mtu yeyote.

Kosa la vipimo linajirudia kwenye alizeti, hasa kwa anayeandika kuhusu viwanda vidogo vya Singida na Dodoma. Mbegu zinanunuliwa kwa kilo, mafuta yanauzwa kwa lita, na mwandishi anavichukulia kama kitu kimoja. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takriban kilo 0.92. Mashine ikitoa asilimia 25 ya mafuta, kilo 100 za mbegu zinaleta kilo 25, ambazo ni lita 27 na kidogo. Lita mbili zimepotea kwenye karatasi kwa kila kilo 100. Halafu kuna mashudu, makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa, ambayo wafugaji wanayanunua. Nimesoma michanganuo inayoonyesha kiwanda kinakula hasara kumbe mashudu hayakuhesabiwa kabisa, na mingine inayoonyesha faida nono kwa sababu mwenye kiwanda hakujiwekea mshahara na kichujio hakikutajwa.

Takwimu kama hizi hazipatikani kwa kumuuliza mfanyabiashara siri ya mafanikio yake. Ukiuliza hivyo utajibiwa "ni Mungu tu na kujituma", na ni jibu la adabu, ila haliandikiki kwenye sura ya hesabu. Uliza kuhusu mzigo wa mwisho. Ulinunua wapi, kilo ngapi, kwa shilingi ngapi, nani alipakia, dalali alichukua ngapi, ushuru ulilipwa wapi, ulikaa siku ngapi kabla ya kuisha, ulibaki na kiasi gani kisichouzika. Omba kuona daftari, na kama hataki kulitoa mkononi, akae nalo akusomee. Watu 10 hadi 15 wa biashara ileile wanatosha kuanza kuona mahali hesabu zinapofanana na zinapoachana. Wawili au watatu kati yao wawe waliofunga biashara. Ukiwahoji tu wale ambao biashara zao bado zimesimama utaandika kwamba kukopa ndiko kulikowainua, bila kujua kwamba walioanguka nao walikopa vilevile. Kabla ya kuandika jina la mtu au eneo la kizimba chake, pata ridhaa yake, na akikataa badilisha kila kitu kinachoweza kumtambulisha sokoni.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mhariri wa vitabu hivi aikague kwa kalamu nyekundu. Bidhaa imenunuliwa shilingi 20,000 na kuuzwa 25,000. Faida ni 5,000. Ukiilinganisha na bei ya kununulia ni asilimia 25. Ukiilinganisha na mauzo ni asilimia 20. Mwandishi anayechanganya hizo mbili anamwambia msomaji aweke asilimia 25 juu ya bei ya kununulia, kisha ukurasa unaofuata anamwelekeza atoe asilimia 25 ya mauzo kulipa kodi ya pango, umeme na msaidizi. Duka hilo litakula mtaji kila mwezi na mwenye duka ataamini kuna mtu anamwibia. Ili faida iwe asilimia 25 ya mauzo, lazima aongeze theluthi nzima ya bei ya kununulia: 20,000 iwe karibu 26,670.

Rasimu ya sura ikiwa tayari, usiipeleke kwanza kwa rafiki msomi wa Chuo Kikuu cha Dodoma akusahihishie lugha. Mpe mtu wa biashara hiyohiyo, pamoja na kalamu na kikokotoo cha simu, umwombe ajaze jedwali lako kwa namba zake mwenyewe. Kaa kimya. Anaporudi kusoma sentensi mara ya pili, hapo maelezo yako yamekatika. Anaporuka mstari mzima wa jedwali, huenda umeweka neno la darasani pale ambapo sokoni wana neno lao. Andika "faida ghafi" kama lazima, lakini mwonyeshe papo hapo kwamba ni kile kinachobaki ukitoa bei ya kununulia mzigo peke yake.

Mambo yanayobadilika yasitawanywe ndani ya sura. Mfano ulio wazi ni kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara wa Tanzania Bara kujisajili kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kilikuwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kuanzia Julai 2023 kikapanda hadi milioni 200. Kitabu kilichochapwa 2022 na kurudia namba hiyo kwenye sura nne kiliharibika mahali panne kwa siku moja. Viwango vya kodi, nauli, ada na bei viwekwe pamoja kwenye kurasa za mwisho, kila kimoja na mwezi na mwaka wake. Ndani ya sura baki na njia ya kukokotoa.

Kuhusu hofu ya kuibiwa wazo, nitakuwa mfupi. Hakimiliki inalinda maandishi uliyoyaandika, hailindi wazo lenyewe. Mtu mwingine anaruhusiwa kuandika kuhusu mahindi ya Kongwa kesho. Kinachokulinda zaidi ni yale madaftari 15 uliyoyasoma.

Sasa kitabu chenyewe nacho ni bidhaa, na inasikitisha kuona mwandishi wa biashara akikipangia bei kwa kubahatisha. Tuseme uhariri, upangaji wa kurasa na jalada vimegharimu shilingi 1,800,000, na nakala 500 zimechapwa kwa shilingi 5,000 kila moja. Jumla ni 4,300,000, yaani 8,600 kwa nakala. Akiuza 12,000 anadhani anabaki na 7,000 kwa sababu anaikumbuka bei ya uchapaji peke yake. Duka likichukua asilimia 30 anapokea 8,400, na kila nakala inamtoa shilingi 200 mfukoni. Kwa bei ya 15,000 anapokea 10,500, na itabidi auze nakala 410 ndipo faida ianze. Asiyejua atauza wapi nakala 410 achape chache kwanza, hata kama bei ya uchapaji kwa nakala itapanda.

Ukubwa wa A5 wenye herufi za pointi 11 unabeba takriban maneno 250 hadi 280 kwa ukurasa, kwa hiyo maneno 40,000 yanaleta kitabu cha kurasa 160 hivi. Namba hiyo ni nzuri, kwa kuwa mitambo ya ofseti mara nyingi hupanga kurasa kwa mafungu ya 16. Ukifika 163 utalipia kurasa 176, na 13 zitabaki tupu. Zikibaki tupu, zigeuze majedwali ya kujaza. Namba ya ISBN, inayotambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombe kabla jalada halijakamilika, maana msimbo wake unachapwa nyuma ya kitabu.

Tarehe ya kutoka nayo ifuate msimu wa msomaji. Kitabu cha kununua na kuhifadhi mahindi kiwe mezani Aprili, au Mei mwanzoni, fedha ya mnunuzi ikiwa bado mkononi na mavuno hayajaingia sokoni. Uchapaji, masahihisho na usafirishaji vinaweza kula wiki sita hadi nane, na mhariri makini anahitaji miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo mswada uliokwisha kujaribiwa na wafanyabiashara uwe kwa mhariri kufikia Novemba, na madaftari yasomwe kati ya Juni na Septemba, wakati mizigo inaingia Kibaigwa na bei bado ziko kichwani mwa kila mtu.