Kamba iliyokunjwa mara nne

Baba mkubwa alinipigia simu Jumapili moja ya Aprili, mvua ikiwa haijakata siku ya nne. "Mwanangu, mikaratusi yangu 41 imelala chini. Njoo unisaidie kuiuza." Nilikaa kimya kidogo. Nilijua tumeshachelewa.

Ninaandika haya kwa ndugu zangu wa Bukavu ambao wamebakiza miti kijijini, iwe Walungu, Kabare, Kalehe au kisiwani Idjwi. Tafadhali, msiangushe hata mti mmoja kabla ya kuupima, na kabla ya kuipima njia utakayopita. Nimeona kwa macho yangu jasho la miaka 15 likiondoka kwa wiki tatu, na hakuna mwizi aliyeingia shambani.

Shamba lenyewe ni la kalinzi, yaani ardhi ya kimila ya kudumu, amelirithi kwa babu yetu. Aliyepewa ardhi kwa bwasa, yaani kwa muda tu, haruhusiwi kupanda kitu cha kudumu, kwa hiyo kwetu Bushi, nchi ya Washi, mti ukionekana shambani watu wanajua mwenye ardhi ni nani. Sheria ya nchi pia iko upande wake: Kanuni ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, kifungu cha 9, inasema mti ulio ndani ya shamba la mtu ni mali ya mwenye shamba. Hakugusa hata kijiti cha hifadhi ya Kahuzi-Biega. Alikuwa na haki yote ya kuketi kitini na kutaja bei yake. Ila kijana mwenye msumeno wa mashine alikuwa anapita na kazi yake, akamtajia gharama nafuu ya kukata yote kwa mpigo mmoja, na karo ya wajukuu ilikuwa inadaiwa. Wakakata yote.

Karatusi haimngoji mtu. Mti huu ukikua hujivuta ndani kwa ndani, upande wa nje unavutwa na moyo wake unabanwa, na siku ya kukatwa nguvu hiyo yote inafunguka. Nilipofika siku ya tano, vichwa vya magogo vilikuwa vimepasuka kama nyota, na kwenye baadhi yake niliweza kuingiza kidole ndani ya ufa. Kijana yule alikuwa ameshayakata yote vipande vya mita 4, kwa hiyo kila mti ulikuwa umeongezewa vichwa vya kupasukia. Angeyaacha marefu mpaka mnunuzi aje, tungepoteza kidogo. Mnunuzi analijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana haji upesi.

Alikuja siku ya tisa, kutoka mjini. Alisalimia kwa adabu, akakubali chai, kisha akatoa mfukoni kamba ya katani. Akaizungusha katikati ya gogo, akashika pale ncha zilipokutana, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, halafu ile robo iliyobaki akailaza kwenye mita ya fundi. Sentimita 30. "Mzee, 30 kwa 30, kwa mita 4. Ni 0,36." Baba mkubwa akatikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali tangu zamani.

Nilizungusha dekameta yangu, utepe wa kupimia, palepale. Sentimita 120. Mzingo kwa mita, yaani 1,20, mara mzingo, gawanya kwa 12,57, zidisha kwa urefu: mita za ujazo 0,458. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya gogo ilikuwa imebaki ndani ya ile kamba.

Simwiti mwizi. Kipimo cha robo ni cha zamani, Ulaya wamekitumia miaka mingi. Kinakisia mti wa pembe nne utakaobaki vipande vya pembeni vyenye gome vikishaondolewa. Kuna kingine kinachotoa kwanza moja ya tano ya mzingo, na kwa hicho gogo lilelile linakuwa 0,23, yaani nusu tu. Vyote vinafaa, ikiwa pande mbili zimekubaliana kipimo kabla ya kutaja pesa. Ubaya ni kupatana bei ya mita ya ujazo ya mti mviringo, kisha kuhesabu kwa kamba iliyokunjwa. Na lazima niseme alinikosoa mahali pamoja kwa haki: nilikuwa nimepima juu ya gome. Tukabandua, tukapima upya, mimi na yeye, gogo kwa gogo, nikiandika namba kwa chokaa. Magogo 96. Kwa hesabu yangu mita za ujazo 32, kwa yake 25.

Hakubishana. Alisema tu, "Basi muibebe wenyewe mpaka Bukavu."

Na hapo ndipo tuliposhindwa, maana njia hatukuwa tumeipima. Kutoka pale mpaka barabara ambayo lori lingeweza kufika ni karibu kilomita 3 za udongo mwekundu unaoteleza. Mita moja ya ujazo ya karatusi mbichi ni kama tani nzima. Tulikuwa na tani 32 mgongoni mwa mlima.

Tulipasua hukohuko. Mnyororo wa mashine unakula karibu sentimita 1 kila unapopita. Ukipasua mbao tano za unene wa sentimita 2,5, mbao mbili nyingine zimeshakuwa unga. Mpasuaji mwenyewe alikuwa anakwenda kwa jicho bila reli ya kumwongoza. Ongeza zile nyufa. Katika mita za ujazo 32 tulitoa mbao 470, ambazo hazifiki hata mita za ujazo 10.

Ubao mmoja mbichi, mita 4 kwa sentimita 20, una kilo kama 20. Walioushusha mlimani ni akina mama. Nilitembea nyuma ya mmoja wao, mjane, ana umri wa mama yangu: mbao tatu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, vidole vya miguu vimekita tope kama kucha za kuku. Tulipopumzika nilimwuliza kwa nini asichukue mbili. "Mbili hazilipi unga, mwanangu." Tangu siku hiyo sisikilizi hesabu yoyote ya mbao ambayo huyo mama hayumo. Mbao zilezile zingepangwa kivulini, vijiti katikati ya kila tabaka, mpaka kiangazi kiishe, zingeshuka mpaka kilo 14 hivi. Lakini hatukuweza kungoja, deni la karo lilikuwa mlangoni.

Kwa maoni yangu hesabu ya miti ianzie Kadutu, mjini Bukavu, kwa bei ya ubao sokoni, halafu irudi nyuma mpaka shambani: toa lori, toa bariyeri za barabarani na karatasi zake, toa akina mama kwa malipo ya haki, toa mafuta na mpasuaji. Kinachobaki ndicho bei ya mti. Kama hakibaki kitu, mti usimame. Mti wenye mzingo wa sentimita 100 ukifika 120 umeongezeka mbao karibu nusu yake, na haujakuomba chakula.

Nitaambiwa: maskini hawezi kungoja. Ni kweli, na sitamlaumu baba mkubwa kwa kutaka watoto wasome. Lakini karo ile ingelipwa na miti minane au kumi, iliyopimwa ikiwa imesimama, ikakatwa Julai mnunuzi akiwepo. Haikudai miti 41.

Upande wa juu wa shamba imebaki 17. Julai tuliizungukia yote na dekameta, kimo cha kifua, mita 1,30 kutoka chini, mjukuu mmoja akiandika kwenye daftari lake la shule na mwingine akipaka namba kwa chokaa. Namba 9 ina sentimita 131. Agosti mnunuzi yuleyule alipiga simu. Baba mkubwa alimwambia aje na kamba yake, dekameta ipo nyumbani, na akina mama wameshataja bei ya kubeba.