Usiruke Utangulizi wa Kauboi

Huduma za filamu za siku hizi zina kitufe cha kuruka utangulizi, na kwa tamthilia nyingi za sasa nakibonyeza bila huruma. Lakini karibuni bando langu limekuwa likiishia kwenye tamthilia za kauboi za runinga ya Marekani, zile za miaka ya 1950 na 1960, na huko nafanya kinyume kabisa. Nasikiliza utangulizi mpaka noti ya mwisho, narudisha nyuma nausikiliza tena, na hadithi yenyewe mara nyingine naiacha njiani. Kwa maoni yangu, katika tamthilia hizi wimbo umezeeka vizuri kuliko hadithi, na wala haukaribiani nayo.

Wengi wetu wa Tanzania Bara tulimjua kauboi kwenye majumba ya sinema, baadaye kwenye mikanda ya video, maana runinga yenyewe tulianza kuipata mwaka 1994. Tulijua stelingi ni nani, na tulijua stelingi hafi. Ila kauboi wa sinema humwona mara moja, saa mbili, basi. Kauboi wa runinga alikuwa mgeni wa kila wiki sebuleni kwa watu, na mgeni wa kila wiki lazima awe na namna yake ya kupiga hodi.

Chukua Rawhide, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha CBS Januari 1959. Ni hadithi ya wanaume wanaoswaga kundi la ng'ombe kutoka San Antonio, Texas, kwenda Sedalia, Missouri, na ndipo Clint Eastwood alipopatia jina, akiwa bado kijana mwembamba anayeitwa Rowdy Yates. Wimbo unaanza na kwaya ya wanaume wakirudia neno moja kwa mwendo wa kwato. Mjeledi unalia, pah! Kisha Frankie Laine anaingia kwa kifua kizima. Sikiliza mjeledi ule vizuri: haukuwekwa kama pambo, unapiga mahali ambapo ngoma ingepiga. Katikati ya wimbo maneno yanageuka kuwa amri za machungani zinazofuatana bila nafasi ya kuvuta pumzi. Aliyewahi kuswaga ng'ombe kwenda mnadani, awe Msukuma, Mgogo au Mmasai, ataelewa kinachoimbwa hata kama hajui neno la Kiingereza. Ni wimbo wa watu waliochoka, wenye vumbi kooni, wanaowaza nyumbani huku mkono ukiendelea na kazi.

Sasa tazama waliouunda. Muziki ni wa Dimitri Tiomkin, aliyezaliwa mwaka 1894 Kremenchuk, katika Ukraine ya leo, akasomea piano St. Petersburg. Maneno ni ya Ned Washington. Wawili hao walikuwa tayari wameshinda Oscar kwa wimbo wa filamu ya High Noon ya 1952. Mwimbaji Laine jina lake la kuzaliwa ni Francesco Paolo LoVecchio, mtoto wa wahamiaji kutoka Sicily, na amekulia Chicago, siyo Texas.

Nenda kwa Bonanza, hadithi ya baba na wanawe watatu shambani kwao, utakuta muziki umepangwa na David Rose, mzaliwa wa London. Nenda kwa The Lone Ranger, yule kauboi mwenye kinyago, utakuta farasi wake anakimbizwa na tarumbeta za Rossini, Mwitalia, kutoka opera iliyofunguliwa Paris mwaka 1829 na inayomhusu mpiga mishale wa Uswisi! Sababu yake ilikuwa ya mfukoni. Kipindi kilianza redioni Detroit mwaka 1933, na Rossini alikuwa amekufa zamani, hivyo hakukuwa na mtu wa kulipwa haki. Sauti tunayoisikia tukadhani imechomoza kwenye ardhi ya nyika za Marekani ilishonwa na wahamiaji na watoto wa wahamiaji, na pale fedha ilipopungua, ikaazimwa kwa marehemu wa Ulaya. Mimi hilo halinipunguzii utamu. Linauongeza.

Bonanza ndiyo naipenda zaidi, na sababu moja ni kitu kilichoondolewa. Waliotunga, Jay Livingston na Ray Evans, walikuwa mabingwa wa nyimbo za maneno. Ndio hao hao wa Que Sera, Sera. Bonanza nayo wakaiandikia maneno, na waigizaji wanne wakapigwa picha wakiiimba juu ya farasi mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Kipande kile kikakatwa kabla ya kurushwa mwaka 1959. Kimesambaa mtandaoni, kitazame uone aliyekikata alivyotuokoa. Baba na wanawe watatu wanaimba kama walevi wa harusini, na heshima yote ya shamba lao inaanguka chini.

Bila maneno, mambo ni mengine. Ramani ya shamba la Ponderosa inajaa kioo chote. Gitaa linaanza kukimbia, ramani inashika moto katikati, karatasi inajikunja na kuwa nyeusi, na kupitia tundu la moto wanatokea wapanda farasi wakija moja kwa moja kwako. Moto ule una rangi ya chungwa kali, na rangi hiyo haikuwa bahati. NBC, waliokuwa wakiirusha, walikuwa mali ya RCA, na RCA waliuza runinga za rangi. Bonanza ilipigwa kwa rangi tangu siku ya kwanza, wakati nyumba nyingi za Marekani bado zilikuwa na runinga nyeusi na nyeupe. Jirani akiwasha yake ukaona moto ule, unaanza kuhesabu akiba yako.

Hapo ndipo siri ya nyimbo hizi ilipo. Mwaka 1959 vipindi vya kauboi katika saa za usiku zenye watazamaji wengi vilikuwa 26. Ishirini na sita! Kofia zilifanana, farasi walifanana, baa na mtaa wa vumbi vilifanana. Wimbo ulikuwa mbiu ya mgambo: umfikie mama aliye jikoni, umfikie mtoto aliye uani, na kila mmoja ajue bila kutazama kwamba hii ni ile, siyo ile nyingine. Spika ya runinga ya wakati ule ilikuwa ndogo na dhaifu, kwa hiyo mtunzi hakuwa na pa kujificha. Alihitaji tuni ambayo mtu anaweza kuipiga mluzi kesho yake akienda kazini.

Hadithi zenyewe? Nyingi hazitazamiki. Wenyeji wa asili wa nchi ile wanatokea ili wapigwe risasi au wasaidie shujaa mzungu. Jay Silverheels, mwenyeji wa asili wa kabila la Mohawk kutoka Ontario, Kanada, aliigiza Tonto, msaidizi wa shujaa katika The Lone Ranger, kwa miaka, akipewa Kiingereza kilichovunjika na nafasi ya nyuma. Na kauboi weusi, ambao baadhi ya wanahistoria wanakadiria walikuwa kama mmoja kati ya kila wanne katika kazi hiyo, karibu hawaonekani. Rawhide ilimwingiza Raymond St. Jacques katika kundi la kudumu kwenye msimu wake wa mwisho tu, mwaka 1965, ng'ombe wakiwa wameshaswagwa miaka mingi. Gitaa na tarumbeta haziwezi kumfuta mtu namna hiyo. Ndiyo maana nazisamehe.

Gunsmoke peke yake inaigomea hoja yangu. Imedumu miaka 20, kuanzia 1955 hadi 1975, vipindi 635, na wimbo wake mzito wa mwendo wa pole sijawahi kujikuta nikiuimba bafuni. Lakini hadithi zake zinasimama. Ilianzia redioni mwaka 1952, na inaonekana: watu wa Dodge City wanazungumza, wananyamaza, wanakosana kama watu wazima, na James Arness kama mkuu wa usalama Matt Dillon anashinda huku uso ukionyesha kwamba hakupenda.

Kama una jioni moja tu, tafuta Have Gun – Will Travel, ya 1957 hadi 1963. Richard Boone anaigiza Paladin, mpiga bastola wa kukodiwa anayekaa hotelini San Francisco, anasoma vitabu, na anagawa kadi yenye picha ya farasi wa sataranji. Muziki wa mwanzo ni wa Bernard Herrmann, yule yule wa filamu ya kutisha ya Psycho, na unatisha kweli. Wa mwisho ni wimbo wa gitaa wa Johnny Western, mwigizaji aliyepewa nafasi katika kipindi kimoja, akaenda kutunga wimbo kumshukuru Boone. Wenye kipindi wakaupenda wakauweka. Uvumilie mpaka majina yaishe kupita.