Ari ya Utafiti wa Uzamivu Wakati wa Vita

Vita vya Sudan vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, jiji la Khartoum, lenye vyuo vikuu vikongwe vya nchi hiyo, liligeuka uwanja wa mapigano, na mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa akihesabu miezi iliyobaki kabla ya kutetea tasnifu yake akalazimika kutafuta njia salama ya kutoka mjini. Je, ni haki kumtaka mtu huyo adumishe ari ya utafiti?

Wanaosema si haki wana hoja nzito. Aliyekesha handakini bila kujua nduguye yuko wapi, akihimizwa asikate tamaa, huongezewa mzigo tu: akiandika hujiona msaliti wa wanaokufa, asipoandika hujiona mvivu. Isitoshe, nia yenyewe hutiliwa shaka. Nchini Ukraine, ambako sheria huwaahirishia wanafunzi wa uzamivu wa muda wote wito wa kuingia jeshini, mwanamume anayejisajili huweza kudhaniwa kuwa amekimbilia chuoni kujificha. Mimi naona tasnifu ipimwe kwa yaliyomo, kwa kuwa hakuna mtahini awezaye kuupima moyo wa mtu.

Upande wa pili husema kwamba kazi ndiyo humshikilia mtu, na ni kweli kwamba hata ukurasa mmoja uliosahihishwa huipa siku mpangilio ambao vita vimeuvuruga. Katika mji wa Leningrad (leo St. Petersburg, Urusi), wakati wa mzingiro wa majeshi ya Ujerumani wa 1941 hadi 1944, baadhi ya watafiti wa mimea walikufa kwa njaa huku wakilinda hazina ya mbegu ambazo wangeweza kuzila. Nawastahi mno, lakini ushujaa wa namna hiyo haudaiwi kwa mtu yeyote kama sharti la kupata shahada.

Mfano ninaoupendelea ni wa Aleppo, Syria, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kituo cha ICARDA cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, kilichokuwa karibu na mji huo, kilikuwa kimepeleka nakala za mbegu zake katika hifadhi ya Svalbard, Norwe, na mwaka 2015 watafiti wakaanza kuzichukua ili wajenge upya hazina hiyo Lebanoni na Moroko. Ari yao ilipata pa kushika kwa sababu kazi yenyewe haikupotea.

Hapo ndipo juhudi za vyuo zielekezwe. Nakala za data zihifadhiwe mbali na mapigano. Swali la utafiti lipunguzwe hadi lijibike kwa data iliyopo. Msimamizi awasiliane na mwanafunzi mara kwa mara, aanze kwa kumjulia hali, kisha apokee hata aya mbili. Muda wa usajili na posho viongezwe bila mwanafunzi kulazimika kuthibitisha kwamba nyumba yake imebomolewa. Na anayeamua kusimama kwa muda asifutwe: nafasi yake ilindwe, ili akirudi, hata baada ya miaka mitatu, aanzie kwenye sura aliyoiacha.