Kisu Kinachopigwa Picha

Picha yenyewe umeshaiona. Mkono umevaa glavu nyeusi, mwenye mkono hana uso, kichwa kimezama ndani ya sweta lenye kofia, na mbele kabisa, pale mwanga ulipoelekezwa, kuna kisu kirefu chenye meno kama ya msumeno. Shuka chini usome habari: mwanamke ameuawa na mumewe nyumbani kwao, kwa kisu cha jikoni. Picha na habari havijuani. Mhariri alihitaji kisu, akafungua ghala la picha, akachagua kilichotisha kuliko vyote, akaendelea na kazi nyingine.

Silalamiki kwamba vyombo vya habari vinatia chumvi. Visu vinaua kweli. Uingereza na Wales, takriban mauaji manne katika kila kumi hufanywa kwa kitu chenye makali. Ninacholalamikia ni kwamba kisu kinachopigwa picha mara nyingi sicho kinachoua, na mtu anayechorwa kuwa ndiye mbebaji mara nyingi siye. Ingekuwa dosari ya uandishi tu, tungeguna yakaisha. Tatizo ni kwamba sheria nazo zimekuwa zikitungwa kwa kutazama picha hizo hizo.

Miaka ya 1950 Marekani ilishikwa na hofu ya kisu cha springi, kile cha kubonyeza kitufe makali yakachomoka. Mwaka 1950 jarida moja la wanawake lilitoa makala ya kuogofya kukihusu, magazeti yakadaka, na sinema zikamkabidhi kila kijana mhuni kisu cha namna hiyo. Mwaka 1958 likaja katazo la kitaifa la kuvifanyia biashara kati ya jimbo na jimbo. Uingereza ikapitisha sheria yake mwaka uliofuata. Ukiweka mezani kisu cha springi na kisu cha kawaida chenye urefu uleule, jeraha lao ni moja. Kilichokiponza cha springi ni kwamba kinapendeza kwenye kamera: kinalia, kinang'aa, kinatokea ghafla.

Jimbo la New York nalo, katika hofu hiyohiyo, lilikataza visu vinavyofunguka kwa uzito wake vikitikiswa. Miongo ikapita, visu vyenyewe vikawa nadra, sheria ikabaki. Polisi wakaanza kuitumia kwa visu vya kukunja vya kawaida, vile vinavyouzwa waziwazi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Askari anaona kibanio cha kisu kwenye mfuko wa suruali, anakichomoa, anakishika mpini na kukitikisa kwa nguvu za kifundo cha mkono. Kikifunguka, hata baada ya majaribio kadhaa, mwenyewe ana kesi. Walionaswa hivyo walikuwamo mafundi na wajenzi waliokuwa wakitoka kazini, na wengi wa waliokamatwa walikuwa weusi na Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2019, miaka zaidi ya sitini tangu hofu iliyoizaa. Fundi mwenye kisu mfukoni hana picha yake kwenye ghala la mhariri, ndiyo maana kumtetea kulichukua muda wote huo.

Mfano ninaoupenda zaidi, kama kupenda ni neno lake, ni wa kile Waingereza wanachokiita kisu cha zombi. Ni visu vikubwa, vya rangi rangi, vilivyobuniwa kufanana na silaha za sinema za kutisha za maiti wanaofufuka, na magazeti yalivishangilia kwa kurasa nzima za picha. Serikali ikavipiga marufuku mwaka 2016. Sasa soma jinsi sheria ilivyovieleza: kisu kiwe na makali, kiwe na meno ya msumeno, na kiwe na picha au maneno yanayoashiria kwamba kimekusudiwa kudhuru watu. Maneno! Wauzaji walifanya ambacho ungefanya ungekuwa na roho yao: walifuta maandishi wakaendelea kuuza chuma kilekile. Ilibidi maelezo mapya yatungwe, yakaanza kutumika Septemba 2024. Miaka minane kuziba tundu lililotokana na kuandika sheria huku macho yako kwenye picha.

Na wakati wote huo, kisu kilichoongoza katika mauaji ya visu huko kilikuwa cha jikoni. Kiko kwenye droo ya kila nyumba, hakina jina la kutisha, hakuna mwanasiasa atakayekiinua juu mbele ya kamera na kuapa kukitokomeza. Kukizungumzia kungelazimisha mazungumzo ya ugomvi wa ndoa, pombe na maradhi ya akili. Hizo habari ndefu, hazina sura ya adui.

Kuna pia ile meza ya polisi. Mnaijua: kitambaa cheupe, visu vimelazwa sambamba, ncha zote upande mmoja, afisa kasimama nyuma. Taarifa huja na picha tayari, chombo cha habari kinaibandika bila kuuliza kisu kipi kilikutwa kwa nani, wala kama yupo aliyeshtakiwa. Mwaka 2018 polisi wa Regent's Park, London, waliweka mtandaoni picha ya zana walizojisifu kuziondoa mitaani. Ukiangalia, unaona plaisi, mkasi, tupa na bisibisi. Watu walicheka sana, na walikuwa na haki. Lakini picha ile ilichekwa kwa sababu tu vitu vyake vilikuwa vya karakana. Zingine za aina yake hupita kimya.

(Habari zetu za Kiswahili zina ugonjwa wake: marehemu amechomwa "kitu chenye ncha kali" na "watu wasiojulikana". Husomi kisu, humsomi mtu, unabaki na hofu peke yake.)

Nije kwa mbebaji. Kwenye habari yeye ni kijana wa kiume, wa mjini, mara nyingi mweusi au mgeni. Hatari ya taswira hiyo ilionekana Southport, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mwishoni mwa Julai 2024, pale watoto watatu wa kike walipouawa kwenye darasa la dansi. Kabla polisi hawajataja jina, lilisambaa jina la uongo la mkimbizi aliyedaiwa kuingia nchini kwa boti. Usiku wa pili msikiti wa mji huo ulishambuliwa, na fujo zikaenea miji mingine. Aliyefanya mauaji alizaliwa nchini humohumo, Cardiff, Wales. Uongo ule haukuhitaji ushahidi, kwa kuwa wasikilizaji walikuwa wameshachorewa mtu wa kumtarajia, kwa miaka.

Wapo wengine wanaoitazama taswira hiyo, nao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi: vijana wenyewe. Wakiulizwa kwa nini wamebeba kisu, jibu linalojirudia ni kujilinda. Walio wengi hawabebi, lakini ukimwonyesha mvulana wa miaka kumi na minne, kila jioni, kwamba rika lake limejaa makali, utamlaumu vipi akiona yeye ndiye pekee asiye na kitu? Habari iliyodai kumwonya imempa sababu ya kufungua droo. Baadhi ya mashirika yanayofanya kazi na vijana Uingereza yamekuwa yakiomba polisi na wanahabari wapunguze picha za visu kwa hoja hiyohiyo.

Wala si ombi geni katika taaluma. Tangu mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kwa wanahabari kuhusu kuripoti kujiua, unaowataka wasieleze njia iliyotumika kwa undani. Vyumba vingi vya habari vinaufuata, na hakuna aliyefilisika kwa hilo. Glasgow nako, jiji la Scotland, polisi walianzisha mwaka 2005 kitengo cha kupunguza ukatili kilichouchukulia uchomaji visu kama suala la afya ya jamii: kuwafuata majeruhi hospitalini, kukaa na magenge, kutafutia watu kazi. Adhabu nazo ziliongezwa, kwa hiyo sitasema kitengo kile pekee ndicho kilichofanya kazi. Lakini miaka kumi baadaye mauaji Scotland yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu. Ni nani aliyeiona habari hiyo ikipewa ukurasa wa mbele, siku nyingi mfululizo, kama ilivyopewa zombi?

Najua jibu la mhariri: habari bila picha haisomwi. Sawa. Weka picha ya barabara, ya lango la mahakama, ya mpelelezi akizungumza. Na ikilazimu kisu kionekane, kiwe kile kilichotajwa kwenye hati ya mashtaka, hata kama ni cha kukatia vitunguu.