Jaketi Moja

Jumapili tatu zilizopita, baada ya ibada ya pili, tuliwaita mbele mzee mmoja, mwinjilisti wetu, na mkewe, ambao usharika wetu ulikwisha kuwatuma kuishi kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, upande wa Buchosa. Tukawaombea, kwaya ikawaimbia, kisha mwenyekiti wa kamati ya uinjilisti akafungua boksi na kumkabidhi mzee jaketi okozi jipya la rangi ya machungwa, akisema kwamba usharika unamjali mtumishi wake anayesafiri majini. Vigelegele vikapigwa. Mama alikuwa amesimama hatua moja nyuma ya mumewe, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Akauweka chini ili apige makofi pamoja nasi. Nilihesabu watu waliosimama pale mbele, nikahesabu majaketi, nikatamani ardhi ipasuke niingie, ijapokuwa Mwanza, kwa mawe yake haya, si mji ambao ardhi hupasuka kirahisi.

Aibu hiyo ni yangu pia, kwa sababu mimi ni mjumbe wa kamati ile. Bajeti ilipoletwa mezani, mstari ulisomeka "jaketi okozi, 1", nami nikanyoosha mkono pamoja na wenzangu, nikiwa na haraka ya kuwahi daladala ya Igoma. Hakuna aliyeuliza, maana katika makaratasi yetu yote mtumishi wa kisiwani ni mmoja. Posho ni moja, inatumwa kwenye simu moja. Taarifa ya robo mwaka ina nafasi ya jina moja na sahihi moja. Nilipomfuata mwenyekiti nje ya kanisa na kumuuliza kuhusu mama, alinijibu kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kwamba mume na mke ni mwili mmoja. Vizuri sana. Naomba basi mafundisho hayo yapelekwe kwa wenye vivuko na mitumbwi, kwa maana kila mara mwili huo mmoja unaposafiri hutozwa nauli mbili.

Kesho yake nilisafiri nao, kwa kuwa nilipewa kazi ya kusindikiza mabati ya kanisa. Tulipita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo tangu lifunguliwe Juni 2025 limetuondolea ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikitumalizia siku, tukapita Sengerema, tukateremka hadi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapopakia. Daraja, hata hivyo, haliendi kisiwani. Mtumbwi ulipokuwa unasubiri abiria wajae, mzee alilitoa jaketi kwenye mfuko wake wa nailoni na kumwekea mkewe mapajani. Mama akalirudisha. Mzee akalisogeza tena. "Vaa wewe, mwalimu, mimi maji nayajua," mama akasema kwa sauti ya chini, na kabla mzee hajapata jibu alikuwa amekwisha kumvika na kumfunga mikanda ya kifuani, mmoja baada ya mwingine, kama anayemvalisha mtoto sare siku ya kwanza ya shule. Mzee hakusema neno mpaka tulipokaribia kufika. Alikaa akitazama magoti yake, amevimba ndani ya jaketi lile, na karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia ubavuni.

Najua wapo watakaosema kwamba mama mwenyewe amekiri kuwa anajua kuogelea. Watu wangapi waliozaliwa na kukulia visiwani walikuwamo ndani ya kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, gati la kisiwa cha Ukara likiwa limekwisha kuonekana? Walikufa zaidi ya watu 200. Sitaki kusikia habari za kuogelea.

Niliwaahidi wenyeji wangu kwamba ningekaa siku mbili, nikakaa wiki nzima, na ni wiki hiyo iliyonifanya niandike. Mzee ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu akiwa na miaka 60, mtu wa Kwimba, mahali ambapo maji mengi ni ya lambo la ng'ombe. Mama alizaliwa Ukerewe na kabla ya kupelekwa kisiwani alikuwa ameuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, kwa zaidi ya miaka ishirini. Sasa nieleze msomaji wangu: ukiambiwa uchague mtu wa kwenda kuishi na wavuvi wa dagaa na wanawake wanaoanika dagaa, utamchagua nani kati ya hao wawili? Sisi tulimchagua mwalimu, tukampa barua ya uteuzi, na mama akaenda kama mizigo mingine iendavyo na mwenye safari.

Mzee mwenyewe husimulia kwa kicheko kwamba katika mwezi wake wa kwanza alihubiri kuhusu Petro na wenzake waliofanya kazi usiku kucha wasipate kitu, akauliza kwa sauti kuu, "Kwa nini hawakupata?" Alikuwa amejiandaa kujibu mwenyewe. Kijana mmoja wa benchi la nyuma akamsaidia: "Mbalamwezi ilikuwa inawaka, mchungaji." Kanisa zima likatikisa vichwa kwa kukubali. Mzee alirudi nyumbani amechanganyikiwa, na mkewe ndiye aliyemweleza kwamba dagaa hufuata mwanga wa taa, kwamba mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu ya kuwavuta, na kwamba kwa hiyo kambi huvua wakati wa giza na kupumzika wakati wa mwezi. Petro alikuwa na shida nyingine, lakini jibu la yule kijana lilikuwa la kitaalamu.

Maisha yao yote ya wiki yanafuata kalenda hiyo ya angani. Wiki za mwezi mpevu, wanaume wako nchi kavu wakishona nyavu, pombe inaongezeka, ugomvi unaongezeka, na kanisa nalo linajaa. Wiki za giza, mitumbwi inarudi alfajiri, na saa tatu ya Jumapili, ambayo huku mjini ni saa ya ibada, kule ni saa ambayo kila mwanamke yuko mchangani akimwaga dagaa na kuwatandaza kabla jua halijakaza. Mzee alikuwa akigonga kengele na kuhubiria watoto na wazee wanne. Mama akamwambia kwamba kengele ya saa tatu katika wiki ya giza ni kujisumbua, na kwamba ibada ihamie saa tisa alasiri, dagaa wakiwa wamekwisha kuanuliwa. Ikahamia, na watu wakajaa. Nimeisoma taarifa ya robo mwaka iliyofika kwetu baada ya hapo. Inasema, kwa maneno ya mtu wetu wa ofisini aliyeinyoosha, kwamba "mwinjilisti amebuni ratiba inayozingatia mazingira ya eneo". Mwinjilisti!

Kwa siku sita nilimwona mama akitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, amejifunga khanga mbili, kwenda mahali mitumbwi inapofikia. Haendi na Biblia. Anakwenda kuinama na wenzake kutandaza dagaa, kuwageuza, kuwatoa waliosagika, na kulitazama wingu linalotoka upande wa Ukerewe, kwa sababu mvua ya nusu saa inatosha kugeuza mtaji wa mkopo kuwa chakula cha kuku. Ni yeye aliyewashawishi baadhi yao kujenga vichanja vya kuanikia, maana dagaa asiye na mchanga ana bei nyingine sokoni, na yeye soko hilo analijua kwa ndani. Huko mchangani, migongo ikiwa imeinama, ndiko anakoambiwa nani anaumwa, nani amepigwa, mtoto wa nani anapata choo chenye damu akanyweshwe dawa ya kichocho, nani hajala tangu jana. Mzee hupata orodha hiyo wakati wa chai, naye hutoka kwenda kutembelea wagonjwa. Usharika hupata idadi ya wagonjwa waliotembelewa, wakihesabiwa kwa jina la mzee.

Jumatano jioni kuna kikundi cha kuweka na kukopa, chenye sanduku la chuma la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa wanawake watatu tofauti. Mama ndiye aliyekianzisha, akakataa kushika ufunguo hata mmoja ili fedha za watu zisije zikachanganywa na habari za kanisa. Hilo pekee lingetosha kumpa kiti katika kamati yetu, ambayo huko nyuma imewahi kutafuta risiti za harambee kwa miezi minne, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Usiku wa Alhamisi mlango uligongwa saa saba. Mzee akaamka, akauliza nani, kisha akasogea pembeni bila kufungua, akamwita mkewe. Nilielewa kwamba hakuwa akiogopa, alikuwa amezoea. Aliyekuwa nje ni binti wa miaka kama kumi na saba anayeosha vyombo kwa mama lishe mmoja wa pale mwaloni. Mama akatoka, wakaingia jikoni, mlango ukafungwa, na mwanga wa taa ya sola ukabaki chini ya mlango mpaka jogoo la kwanza. Asubuhi mama hakusimulia kitu, wala mimi sikuuliza. Nilichoona ni binti yule akipanda mtumbwi wa kwanza kurudi kwao, nauli mkononi. Nauli hiyo haikutoka usharikani, kwa maana usharika hauna fungu la mambo ya namna hiyo, na taarifa ya robo mwaka haina mstari ambao jambo hilo lingeweza kuandikwa. Watu wale hawawezi kumgongea mwinjilisti mwanamume usiku wa manane na kumweleza mambo ya binti. Wasingegonga kabisa. Ninaomba wale waliokuwa wakipiga vigelegele Jumapili ile walifikirie jambo hilo kwa utulivu: mlango tunaousifia upo, lakini mtu anayeufungua hatumtaji.

Sitaki mzee aonekane mwovu, kwa sababu si mwovu. Anafundisha darasa la ubatizo, na jioni anawafundisha wavuvi watu wazima kusoma, kazi ambayo haimo katika barua yake ya uteuzi. Anateka maji, anaosha vyombo pia. Ijumaa, aliposikia sauti ya mgeni uani, aliiacha sufuria ndani ya beseni, akajifuta mikono kwenye suruali na kuketi haraka kwenye kiti chake cha uvivu. Mama alinikonyeza. Nadhani kati yao wawili hesabu imekwisha kukaa sawa. Iliyokosewa ni yetu.

Na wageni tunaotoka mjini ndio wabaya zaidi. Mwaka jana tulikwenda kumi na mmoja kwa ziara ya kukagua kazi. Mama alitupikia sato na ugali wa muhogo, akatunawisha mikono mmoja mmoja, kisha akarudi jikoni kula na watoto wa jirani, sisi tukaendelea na mazungumzo ya maendeleo ya kituo pamoja na mtumishi. Katika neno la shukrani, mmoja wetu alimshukuru mzee kwa mapokezi mazuri. Mmoja wetu huyo ni mimi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba usharika hauna fedha nyingi. Nakubali pia kwamba mama hajawahi kudai kitu, na nilipomuuliza kama angependa jina lake liingie katika barua, alicheka na kuniuliza kama barua inaanikwa juani. Lakini mtu kutodai hakumfutii mwingine deni. Na wale wanaopenda kutuambia kwamba ndivyo kanisa lilivyokuwa tangu mwanzo wafungue Warumi sura ya 16, ambako Paulo anawasalimu Priska na Akila na kuwaita wote wawili watenda kazi pamoja naye, tena jina la mke likitangulia. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 mke huyohuyo na mumewe walimchukua Apolo, msemaji hodari, wakamnyoosha mafundisho yake. Huku kwetu kila jubilei tunakariri kwamba wamisionari walitua Kagei mwaka 1877 na wengine wakafika Bukumbi mwaka 1883, tunajua miaka na majina ya wanaume kwa ghibu, halafu tunashindwa kuandika majina mawili kwenye fomu ya ukurasa mmoja.

Ninachotaka ni kidogo: barua yenye majina mawili, taarifa yenye sahihi mbili, na posho, hata isipoongezwa shilingi moja, igawanywe na kutumwa kwenye simu mbili. Nimeyaandika hayo na kuyapeleka kwa katibu wa kamati. Ameniambia yatajadiliwa katika kikao kijacho, iwapo muda utaruhusu, baada ya ajenda ya vipaza sauti.

Jaketi la pili nimelinunua kwa fedha yangu na kulituma kwa dereva wa basi la Sengerema, aliyelipeleka kwa mwenye mtumbwi. Juzi jioni mama alinipigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema jaketi limefika salama na linamtosha, na kwamba jana yake amemwazima mama mmoja mjamzito aliyekuwa akivuka kwenda zahanati. Kisha akaniomba nifikishe shukrani zake kwa kamati ya uinjilisti.

Sijazifikisha.